Kwa nini “elles se sont écrit” haina “-es”, ilhali “les lettres qu’elles se sont envoyées” inayo?

Mwanafunzi wa B1, Dar es Salaam

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Ninajiandaa kwa mtihani wa DELF ngazi ya B1, na nimefika katika sehemu ya sarufi ya Kifaransa ambayo kila kitabu ninachokifungua huieleza kwa kanuni mbili fupi, kisha huzifuatisha kanuni hizo na kurasa kadhaa za mambo yasiyozitii. Ni upatanisho wa participe passé, yaani lile umbo la kitenzi linalokaa baada ya “avoir” au “être” tunapotaja jambo lililokwisha kutendeka.

Nilivyofundishwa ni kwamba kitenzi kisaidizi kikiwa “être”, participe passé hupatana na kiima; kikiwa “avoir”, haipatani na kiima kamwe, bali hupatana na shamirisho iwapo shamirisho hiyo imetangulia. Mpaka hapo ninaelewa. “Elle est partie” inapata “e” kwa kuwa aliyeondoka ni mwanamke, na “elle a mangé” haipati chochote. Vilevile ninaona wazi tofauti ya “j’ai écrit les lettres” na “les lettres que j’ai écrites”, kwa sababu katika sentensi ya pili barua zimetajwa kabla ya kitenzi. Ninapokwama ni kwenye sentensi kama hii, iliyomo katika zoezi moja la darasani:

“Les deux sœurs se sont écrit pendant des années, mais les lettres qu’elles se sont envoyées ont été perdues.”

Inasema kwamba dada wawili waliandikiana kwa miaka mingi, lakini barua walizotumiana zimepotea. “Se sont écrit” na “se sont envoyées” zote zina “être”, na kiima ni kilekile: dada wawili, wanawake, wingi. Kwa kanuni niliyo nayo nilitarajia “écrites”, lakini majibu ya zoezi yanaonyesha “écrit” tupu. Ajabu zaidi, maelezo yanasema kwamba “-es” ya “envoyées” haihusiani kabisa na dada hao, bali inatokana na barua, na kwamba “-es” ya “perdues” ina sababu nyingine tena.

Ninaomba msaada katika mambo matatu. Kwanza, “être” inayokuja pamoja na “se” inafuata kanuni gani hasa? Pili, nitajuaje kama kitenzi cha Kifaransa kina shamirisho ya aina inayohitaji upatanisho, maana katika Kiswahili “nimemwona” na “nimemwandikia” zote zina “m” ileile? Tatu, je, wenye lugha yao wanayazingatia haya wanapozungumza, au ni mambo ya karatasi ya mtihani tu? Natanguliza shukrani.

Mwalimu wa Kifaransa, Arusha

Ndugu Mwanafunzi, swali lako la pili ndilo mzizi wa yote, kwa hiyo nitaanza nalo. Ukilishika vizuri utaona la kwanza halina uzito mkubwa.

Kifaransa huvigawa vitenzi kwa namna vinavyomfikia mtu au kitu kinachotendwa. Vipo vinavyomfikia moja kwa moja, bila neno lolote katikati: “voir quelqu’un”, “aider quelqu’un”, “attendre quelqu’un”. Vipo vingine visivyomfikia mpaka vipitie kwenye “à”: “parler à quelqu’un”, “répondre à quelqu’un”, “téléphoner à quelqu’un”. Aina ya kwanza ina kile ambacho vitabu vya sarufi yetu hukiita shamirisho kipozi, au yambwa tendwa. Aina ya pili ina shamirisho kitondo, au yambwa tendewa. Participe passé hupatana na kipozi peke yake. Kitondo hakina nguvu hiyo, hata kikitangulia.

Sasa tazama jinsi Kiswahili kinavyoifunika tofauti hii. Tunasema “nimemwona”, “nimemsaidia”, “nimemsubiri”, “nimemjibu”, “nimempigia simu”, “nimemsamehe”, na kiambishi kinachomtaja mtu hakibadiliki popote. Kwa Kifaransa orodha hiyo inagawanyika mara mbili. Tukimzungumzia mwanamke, tutaandika “je l’ai vue”, “je l’ai aidée”, “je l’ai attendue”, kwa sababu “l’” ni kipozi na imetangulia. Lakini tutaandika “je lui ai répondu”, “je lui ai téléphoné”, “je lui ai pardonné”, bila kuongeza herufi yoyote, kwa sababu “lui” ni kitondo. Mwanafunzi anayeandika “je l’ai téléphonée” hajakosea upatanisho. Amekosea mapema zaidi, pale alipochagua kiwakilishi, na kosa la mwisho wa neno limezaliwa na lile la mwanzo. Ninasahihisha madaftari mengi ya aina hii, na karibu kila mara chanzo ni hicho.

Wapo wanaodhani kwamba kauli ya kutendea itawavusha, yaani kila penye “-ia” au “-ea” katika Kiswahili pana “à” katika Kifaransa. Njia hiyo inafaa kwa “kumwandikia” na “écrire à”, au kwa “kumpigia simu” na “téléphoner à”, ila haiaminiki. “Kusaidia” ina sura ya kauli ya kutendea, lakini “aider” humfikia mtu moja kwa moja. “Kujibu”, “kutii” na “kusamehe” hazina alama yoyote ya kutendea, lakini “répondre”, “obéir” na “pardonner” zote hudai “à” mbele ya mtu. Kwa hiyo hakuna njia ya mkato: kila kitenzi kijifunze pamoja na kiunganishi chake. Katika daftari usiandike “téléphoner” peke yake. Andika “téléphoner à quelqu’un”. Usiandike “écouter”, andika “écouter quelqu’un”. Maneno mawili matatu ya ziada kwenye mstari yatakuondolea matatizo ya upatanisho, ya kuchagua kati ya “le” na “lui”, na hata ya kuchagua kati ya “que” na “à qui”.

Baada ya hapo, “être” ya vitenzi vyenye “se”. Hii si “être” ile ya “partir”, “arriver” au “naître”. Ina sura ya “être” lakini inafuata kanuni ya “avoir”. Unapoikuta, isahau kwa muda, jiulize “se” hiyo ni kipozi au kitondo, kisha amua. Twende kwenye sentensi yako neno kwa neno.

“Les deux sœurs se sont écrit.” Kitenzi ni “écrire à quelqu’un”. Kila dada alimwandikia mwenzake, kwa hiyo “se” ni kitondo. Je, kuna kipozi popote? Hakuna, kwa sababu kilichoandikwa hakikutajwa. Hakuna cha kupatana nacho, basi “écrit” inabaki ilivyo.

“Les lettres qu’elles se sont envoyées.” Kitenzi ni “envoyer quelque chose à quelqu’un”, chenye nafasi mbili. Nafasi ya “à quelqu’un” imechukuliwa na “se”, na hiyo tunaiacha. Nafasi ya “quelque chose” imechukuliwa na “qu’”, ambayo inasimama badala ya “les lettres” na imekaa mbele ya kitenzi. Kipozi kipo, kimetangulia, ni cha kike na cha wingi. Ndiyo maana ya “-es”. Dada hao wangekuwa kaka, “envoyées” isingebadilika hata herufi moja, na huo ndio ushahidi kwamba upatanisho unatoka kwenye barua.

“Ont été perdues.” Hii ni kauli ya kutendwa. Participe passé inayofuata “être” ya kutendwa hupatana na kiima, na kiima hapa ni “les lettres”. “Été” yenyewe haibadiliki mahali popote katika lugha nzima, na hilo liweke akilini mara moja tu.

Ukishaizoea hatua hiyo, mifano inayowatisha wengi inakuwa ya kawaida. “Elle s’est lavée”: aliyeoshwa ni yeye mwenyewe, “se” ni kipozi, “e” inaingia. “Elle s’est lavé les mains”: kilichooshwa ni mikono, mikono imetajwa baada ya kitenzi, “e” haiingii. Geuza uiwakilishe mikono kwa “les”, nayo inatangulia: “elle se les est lavées”. Vivyo hivyo “elles se sont vues” inapata “-es”, na “elles se sont parlé” haipati, kwa sababu ni “voir quelqu’un” lakini “parler à quelqu’un”.

Hatua hii haihusu kundi moja la vitenzi, navyo ni vile visivyotumika bila “se”, kama “se souvenir”, “s’enfuir”, “s’évanouir” na “se méfier”. Hapo haina maana kuuliza “se” ni shamirisho gani, kwa kuwa imeshakuwa sehemu ya kitenzi chenyewe. Upatanisho unakwenda kwa kiima: “elle s’est souvenue”, “elles se sont enfuies”.

Nimalizie kwa kukutahadharisha kuhusu vitenzi vya mwendo, maana vitabu vingi huvipanga katika orodha ya “être” na kuishia hapo. “Sortir”, “monter”, “descendre”, “rentrer”, “retourner” na “passer” huhamia kwenye “avoir” pindi vinapopewa kipozi. “Elle est montée” ni yeye aliyepanda. “Elle a monté les valises” ni masanduku yaliyopandishwa, na hapo hakuna “e”. “Les valises qu’elle a montées” inapata “-es” kwa ajili ya masanduku. Unaona kwamba tunarudi palepale: kipozi ni nini, na kimekaa wapi?

Mfasiri, Lubumbashi

Ninakubaliana na Mwalimu katika kanuni zote, na maelezo yake ya ile sentensi ya dada wawili sina la kuyaongezea. Ninatofautiana naye mahali pamoja: ameonyesha jinsi Kiswahili kinavyotuzuia, na hakugusa jinsi kinavyotusaidia. Kwetu hapa Kifaransa ni lugha ya shule na ya ofisi, na Kiswahili ni lugha ya nyumbani na ya sokoni, kwa hiyo mtoto huzipanga lugha hizi mbili kichwani mwake kila siku, na mambo mengine humwingia kirahisi kuliko tunavyodhani.

Msemaji wa Kiswahili hahitaji kushawishiwa kwamba kitenzi kinaweza kubeba alama ya nomino iliyokwisha kutajwa. Tunasema “barua walizotumiana”, na “-zo-” inatuambia kwamba kinachozungumziwa ni barua. Tungekuwa na kitabu, tungesema “kitabu alichokinunua”. Masikio yetu yanadai alama hiyo, na mtu akiiacha tunamshangaa. Kwa hiyo “les lettres que j’ai écrites” si jambo geni kwetu. Ni lugha nyingine inayofanya kitu ambacho sisi tunakifanya mara nyingi zaidi na kwa ngeli nyingi zaidi. Mwanafunzi anayelia kwamba Kifaransa kinamwonea kwa jinsia mbili akumbuke ngeli anazozipatanisha tangu utotoni bila kuhesabu.

Hatari iko kwenye kuzidisha. Kiswahili huweka alama ya shamirisho kwa ukarimu, Kifaransa huiweka kwa masharti. Chukua “vitabu nilivyovizungumzia”. Sisi tumeviweka vitabu ndani ya kitenzi mara mbili, kwa “-vyo-” na kwa “-vi-”. Kifaransa kinasema “les livres dont j’ai parlé”, na “parlé” haipati chochote, kwa kuwa ni “parler de quelque chose”, na “dont” si kipozi. Hali ni hiyohiyo katika “la fille à qui j’ai parlé”. Kati ya maneno yanayounga vishazi vya namna hii, kinachobeba kipozi ni “que”. “Dont”, “où” na “à qui” hazisababishi upatanisho wa participe passé inayofuata “avoir”. Kwa mtu anayefikiri kwa Kiswahili, nadhani kigezo hiki kina manufaa kuliko kujiuliza tu kama nomino imetangulia, kwa sababu katika mifano hii yote nomino imetangulia.

Jambo jingine ni kauli ya kutendana. Yupo atakayejaribu kutumia “-ana” kama kipimo, nami ninamsihi asifanye hivyo. “Wameonana” ni “ils se sont vus”, kwa upatanisho. “Wameandikiana” ni “ils se sont écrit”, bila upatanisho. Hapo mtu ataona kama “-iana” ndiyo alama ya kitondo. Kisha atakutana na “wamesaidiana”, ambayo ni “ils se sont aidés”. Mfano unaofundisha zaidi ni huu: marais watatu wamefuatana madarakani. Ukichagua “se suivre”, utaandika “ils se sont suivis”, kwa maana ni “suivre quelqu’un”. Ukichagua “se succéder”, utaandika “ils se sont succédé”, kwa maana ni “succéder à quelqu’un”. Kiswahili chake hakijabadilika na tukio halijabadilika. Kilichobadilika ni kitenzi cha Kifaransa. Hapa ndipo ushauri wa Mwalimu wa kuandika kitenzi pamoja na “à” yake unapoonyesha thamani yake.

Kuhusu swali la tatu: katika mazungumzo, sehemu kubwa ya upatanisho huu haisikiki hata kidogo. “Vu”, “vue”, “vus” na “vues” hutamkwa namna moja, na ni hivyo kwa vitenzi vyote ambavyo participe passé yake inaishia kwa irabu, yaani vitenzi vilivyo vingi kabisa. Inayosikika ni michache, ile ambayo umbo lake la kiume linaishia kwa konsonanti isiyotamkwa: “écrit” na “écrite”, “mis” na “mise”, “fait” na “faite”, “pris” na “prise”, “ouvert” na “ouverte”, “offert” na “offerte”. Alama ya wingi haisikiki hata hapo. Na katika hiyo michache utawasikia Wafaransa wenyewe, wakiwemo wasomi, wakisema “la décision qu’il a pris” mahali ambapo kanuni inataka “prise”. Anayekwenda kuzungumza asiache kuongea kwa hofu ya jambo hili. Hata hivyo, azizoeshe sikio na kinywa chake hizo zinazosikika, hasa “mise”, “prise”, “faite” na “écrite”, kwa kuwa hutumika kila siku na mtu anayezitamka sawasawa hutambulika mara moja.

Wenye lugha pia wamebishana juu ya kanuni hii kwa muda mrefu. Katika karne ya 16 mshairi Clément Marot aliwaandikia wanafunzi wake somo la kishairi akiwataka wapatanishe na shamirisho iliyotangulia, na aliwatolea Waitaliano kama mfano. Tangu hapo kanuni ilikuwa ikiongezewa vifungu na wanasarufi, na baadaye zikaja juhudi za kuipunguza. Mwezi Septemba 2018 walimu wawili wa zamani wa Ubelgiji, Arnaud Hoedt na Jérôme Piron, walipendekeza hadharani kwamba participe passé inayofuata “avoir” isibadilike tena katika hali yoyote, na mjadala mkali ukafuata. Mimi ninaona hoja yao ina nguvu. Lakini vitabu vya kiada na mitihani vinaendelea na kanuni ya zamani, na mfasiri anayewasilisha hati ya mahakama akiwa ameandika “les mesures qu’il a pris” haonekani kama mwanamageuzi. Anaonekana kama mtu asiyejua kazi yake.

Mwanafunzi wa B1, Dar es Salaam

Mwalimu, nakushukuru sana, na wewe Mfasiri pia. Nimeipitia upya ile sentensi kwa kuuliza “kipozi ni nini”, na sasa naiona yote. Nimeanza kuviandika upya vitenzi vyangu pamoja na viunganishi vyake.

Nina vipengele vitatu vilivyobaki, navyo vyote ni vya aina ya “haya hayafuati kanuni”. Nimeona “des mangues, j’en ai mangé”, bila “-es”, ingawa maembe yametangulia na ni kipozi bila shaka. Nimeona pia “les robes que ma mère a fait coudre”, na “fait” haina “-es” ilhali magauni yametangulia. Tena nimeona mahali pamoja “on est allé” na mahali pengine “on est allés”. Je, mtahini atakubali lipi?

Mhariri wa lugha, Nairobi

Niruhusuni nijibu haya, kwa kuwa kazi yangu ni kusahihisha maandishi ya Kifaransa, na hivi vitatu hunipitia mkononi kila wiki.

“En” haina jinsia wala idadi. Inamaanisha sehemu fulani ya maembe hayo bila kusema ni mangapi, na kwa mtazamo wa kawaida participe passé haina kitu thabiti cha kushikamana nacho. Andika “j’en ai mangé”. Katika agizo la tarehe 28 Desemba 1976, wizara ya elimu ya Ufaransa iliagiza wasahihishaji wa mitihani yake wakubali pia upatanisho katika baadhi ya sentensi zenye “en”, kwa hiyo ukikutana na “cueillies” baada ya “en” katika maandishi ya mtu makini usishangae. Lakini kutobadilisha ndiyo njia isiyopingwa na yeyote.

“Fait” ikifuatwa na kitenzi kingine kisichonyambuliwa haibadiliki kamwe. Sababu inaeleweka ukiitazama sentensi kwa Kiswahili: mama “ameshonesha” magauni. “A fait coudre” ni kitendo kimoja, na magauni ni kipozi cha kitendo hicho kizima, au tuseme cha “coudre”, wala si cha “fait” peke yake. Kwa hiyo “les robes qu’elle a faites” ni sahihi ikiwa ameyatengeneza mwenyewe, na “les robes qu’elle a fait coudre” ni sahihi ikiwa amempa fundi. Ndivyo ilivyo katika “elle s’est fait tresser”, yaani amekwenda kusukwa nywele: hakuna “e”, ingawa mwenye nywele ni mwanamke. Hili la mwisho wanafunzi wa kike huliandika kwa “e” mara kwa mara wanapojieleza wenyewe, kwa hiyo nalisisitiza.

Usiipeleke kanuni hiyo ya “fait” kwa vitenzi vya kuona na kusikia, kwa kuwa hivyo vina njia yao. “La femme que j’ai entendue chanter” inapata “e”, kwa sababu mwanamke ndiye niliyemsikia na ndiye aliyekuwa akiimba. “La chanson que j’ai entendu chanter” haipati, kwa sababu wimbo hauimbi. Wimbo ni kipozi cha “chanter”. Jiulize kama aliyetajwa ndiye anayekitenda kitendo cha pili. Kama ndiye, patanisha.

“On” kisarufi ni umoja, na ndiyo maana kitenzi chake huwa “est” daima. Lakini inapotumika kwa maana ya “sisi”, participe passé inaruhusiwa kufuata maana: “on est allés au marché”, na kundi likiwa la wanawake watupu, “on est allées”. Kuandika “on est allé” kwa maana ya “sisi” pia hukubalika. Inapomaanisha mtu yeyote kwa jumla, iache katika umoja wa kiume. Ikiwa unaandika barua rasmi, “nous sommes allés” inaondoa shaka yote, na ninaipendelea.

Mtihani wako wa kuandika wa B1 unataka insha ya maneno yasiyopungua 160 ndani ya dakika 45, nao una alama 25 kati ya 100. Muda huo hautoshi kusoma upya kila neno kwa kila jambo, kwa hiyo tenga dakika chache za mwisho kwa kazi moja tu: pitisha macho ukitafuta “que”, “les”, “la”, “l’”, “me”, “te”, “nous”, “vous” na “se” zilizokaa mbele ya “avoir” au “être”, na uzihoji hizo peke yake. Participe passé isiyo na mojawapo ya maneno hayo mbele yake mara nyingi haina tatizo, isipokuwa katika maswali ya “quelles lettres as-tu écrites ?” na “combien de lettres as-tu écrites ?”, ambayo hayajitokezi sana katika insha.

Kwa kuwa umeuliza juu ya “fait”, utakutana pia na “laissé”, na hapo vitabu vyako vitapingana. Vya zamani vitakuambia “les enfants qu’il a laissés partir”, kwa kuwa watoto ndio walioondoka, kama ilivyo kwa yule mwanamke aliyekuwa akiimba. Marekebisho ya tahajia yaliyochapishwa katika gazeti rasmi la serikali ya Ufaransa tarehe 6 Desemba 1990 yanapendekeza “laissé” iungane na “fait” na isibadilike mbele ya kitenzi kingine: “les enfants qu’il a laissé partir”. Maumbo yote mawili ni sahihi leo. Mimi ninakushauri ufuate lile la 1990, kwa kuwa litakuachia kanuni moja kwa vitenzi viwili, na usichanganye maumbo hayo katika karatasi moja.